Miti ya Watu Kwenye Shamba la Nesi

Kazi yangu ni kuwatilia watu shaka, na nalipwa kwa hiyo, ingawa si sana. Nilipotoka kwenye ofisi ya utumishi ya halmashauri, nilikoshughulikia mafaili ya wanaostaafu mpaka na mimi nikastaafu, nilikodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ofisi pale Kwa Mathias, Kibaha. Niliweka meza, viti vitatu na feni inayozunguka ikijisikia. Wanaokaribia kustaafu wanakuja mmoja mmoja kuniuliza wafanye nini na kiinua mgongo, na watakula nini mshahara ukikatika. Nje wapiga debe wanagombania abiria wa Morogoro. Ndani mimi namtazama mwalimu au dereva wa serikali, najiuliza ni nani ameshamwahi kabla yangu.

Maana hakosekani aliyemwahi. Mtu akibakiza mwaka mmoja kazini anapata marafiki wapya, sijui wanaipata wapi habari. Mpwa aliyepotea anarudi na wazo la kufuga kuku. Anapigiwa simu na watu wanaomwita mzee kwa heshima ambayo watoto wake mwenyewe hawana. Wateja wangu wakifika wanaanza kwa kulaani kikokotoo cha mafao, na mimi nawaacha walaani mpaka wachoke. Kisha nawauliza swali ninaloanza nalo siku zote: nani mwingine anajua tarehe yako ya kustaafu? Wakianza kuhesabu kwa vidole naweka kalamu chini, kwa sababu najua kazi itakuwa kubwa.

Shamba au kiwanja, kwangu mimi, kinatazamwa mara mbili. Mara ya kwanza mnakwenda na muuzaji, mnaonyeshwa anachotaka mkione. Mara ya pili mnakwenda bila kumwambia mtu, siku nyingine kabisa. Na jibu halitolewi siku ya kuombwa. Ukibanwa, sema unakwenda kumuuliza mume wako, au mke wako, na uondoke hivyo hivyo na tabasamu lako.

Jibu hilo nilimfundisha hata jirani yangu kule Sofu ninakoishi, tunayepakana ukuta. Mume wake alipofariki, mafao yalitoka baada ya kufuatilia mpaka soli za viatu zikaisha, na kabla hajanunua hata kitenge wakaanza kupiga hodi. Alikuja wa viwanja, akaja wa biashara ya kuingiza watu wawili wawili, akaja hata shemeji mwenye basi dogo bovu ambalo eti lilihitaji injini tu. Nilimwita ukutani nikamwambia kila atakayeleta wazo amjibu kwa adabu, ngoja nimuulize baba watoto. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

“Si tumemzika?”

Nikamwambia huo ndio uzuri wake, hatabadilisha mawazo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini jibu alilitumia, shemeji akanuna akaondoka na basi lake, na hela ikasalimika. Alijenga vyumba vya kupangisha, kiwanja kikajaa mpaka pakakosekana pa kuanika nguo.

Ndipo akaja kuniomba kona ya uani kwangu, ile ya karibu na geti, apande mlimao. Nilikataa. Nimeona mafaili ya fidia za ardhi mimi, meza ya pili pale halmashauri: mtu anapanda mti kwa hisani, miaka inapita, barabara inapanuliwa, na mwenye mti anasimama kwenye foleni mbele ya mwenye kiwanja. Leo mlimao, kesho kesi. Hakununa. Alisema sawa jirani, na tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana tu.

Kwangu nina ukuta wenye vipande vya chupa juu, geti la chuma na mbwa mkali. Watoto wangu wawili wako mbali na wananipigia simu, Mungu awabariki. Hati yangu ya nyumba ni safi na mipaka yangu minne naijua. Nilikuwa nikiwaeleza wateja wote kuwa huo ndio mfano.

Nesi alikuja mwezi ambao mvua za vuli zilichelewa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kupanga miguu yake sambamba chini ya kiti kama anasubiri kuitwa. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, alikuja Kibaha kijana na akakaa wodini maisha yake yote. Ndoa ilivunjika zamani, mtoto hakujaliwa. Kwao walibaki wapwa waliokumbuka namba yake ya simu mwisho wa mwezi.

Hali yake ilikuwa hivi. Aliishi kwenye nyumba ya serikali jirani na hospitali, na siku ya kustaafu ilikuwa inamtaka akabidhi funguo. Hakuwa na nyumba popote, hakuwa na kiwanja, na kiinua mgongo chake kingetosha kununua kitu kimoja tu. Tungekosea hicho kimoja angezeekea chumba cha kupanga, pensheni ya mwezi ikiishia kwa mwenye nyumba. Nilimweleza bila kumpamba na yeye akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia kitu chenyewe ameshakipata.

Wateja wanaokuja na jibu mkononi ndio ninaowaogopa zaidi. Nilimuuliza ni kitu gani. Shamba, akasema, kule Kisarawe, kata ya Kibuta, na nyumba ndogo ya bati ndani yake na mikorosho inayozaa. Muuzaji ni bibi mmoja ambaye miguu imemwishia nguvu na anahamia kwa binti yake. Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilisimamisha feni ili nisikie vizuri. Nikauliza nani kampeleka huko. Dalali, akajibu, na akaangalia pembeni.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata kwa gari la dalali, tukapitia Kiluvya mpaka Kisarawe mjini, kisha tukashika njia ya Kibuta. Dalali alikuwa mtu wa makamo, simu mbili, shati limechomekwa, na maneno hayamkauki. Njia nzima aliniita mama mkubwa. Nilikaa nyuma nikimtazama shingo, kwa sababu mtu anayeendesha anaweza kuutawala uso wake lakini shingo huisahau.

Shamba lilikuwa zuri, na hilo lilinikera. Nyumba ilikuwa imesimama sawasawa, kisima hakikuwa mbali, na mikorosho ilikuwa mizee na minene, imeinamisha matawi mpaka karibu na ardhi. Dalali aliishika mmoja mmoja kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

“Mama mkubwa, hili ni zali,” alisema. “Mikorosho hii peke yake ni pensheni ya pili.”

Bibi alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake akichambua kunde. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake. Nilimtazama dalali alipokuwa akihesabu miti kwa kidole, nikamtazama na bibi. Kila kidole kilipokwenda kwenye mti, bibi aliinamia kunde zake. Nikajisemea, huyu bibi anaficha kitu, na dalali wake huyu anajua.

Kisha bibi akamwita nesi ndani amwonyeshe vyumba. Mimi nilikwenda na dalali kutazama mipaka, na tuliporudi walikuwa bado wako ndani. Walikaa muda mrefu kwa nyumba ya vyumba vitatu. Nesi alipotoka alikuwa na uso mkunjufu ambao sikuwa nimeuona ofisini, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anataka kuandikishana wiki ileile.

Nilikataa. Nilimwambia kuna safari ya pili, bila dalali, bila taarifa. Akaniuliza kama ni lazima. Katika kazi yangu mtu akiuliza kama ni lazima, basi imekuwa lazima. Nilianza kumshuku hata yeye. Nilijiuliza kama wamempa kitu, kama dalali ni ndugu yake, kama anataka kuzificha hela mbali na wapwa kwa njia ambayo mimi sitakiwi kuijua. Sikumwambia hata moja kati ya hayo. Nilimwambia tu kwamba asiporudi na mimi Kibuta, atafute mshauri mwingine.

Tulirudi katikati ya wiki. Tulishuka Kisarawe mjini tukachukua bajaji, na nikamwomba dereva atuache mbali kidogo ili tuingie kwa miguu. Msimu wa korosho ulikuwa umeiva na harufu ya mabibo ilitupokea kabla hatujaiona miti. Na chini ya ile miti kulikuwa na watu.

Alikuwepo mwanamume wa umri wa kati, mke wake, na wanawake wengine wawili. Walikuwa wameinama wakiokota, wakinyonga korosho kutoka kwenye bibo na kutupia ndoo, bila haraka, kama watu walio kwao. Nguo ya mtoto ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya bibi, na sufuria yao ilikuwa jikoni kwake. Nilishikwa na hasira, na nitasema kweli, kulikuwa na furaha kidogo ndani yake. Nilikuwa nimewakamata.

Niliwauliza nani amewaruhusu kuvuna pale. Mwanamume akanyoosha mgongo akasema hakuna wa kuwaruhusu, miti ni yao. Nikamgeukia nesi nikamwambia umeona sasa, shamba limeshauzwa kwa hawa, na wewe unauziwa mara ya pili. Nesi alinishika mkono akaniomba nisubiri. Sikusubiri. Nilitoa simu nikampigia mwenyekiti wa kijiji, ambaye namba yake nilikuwa nimeitafuta mapema, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba aje, hapa kuna utapeli na kuna wezi wa korosho.

Wale wanawake wakaacha kuokota. Mwanamume aliweka ndoo yake chini taratibu.

“Mama,” alisema, “hujatusalimia, na unatuita wezi kwenye miti ya baba yetu.”

Ni kweli sikuwa nimesalimia. Niliona aibu, lakini nilikuwa nimeshafika mbali na sikuona pa kurudi.

Bibi alitoka na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda, akatuambia na sisi tukae. Alieleza bila kupandisha sauti. Ardhi ile ni yake, aliachiwa na marehemu mume wake, na majirani wote wanajua. Mikorosho ilipandwa na mdogo wa mume wake, zamani, alipokuwa hana mahali pake, na kaka mtu ndiye aliyempa ruhusa. Kwa hiyo miti ni ya huyo mdogo mtu, na alipofariki ikawa ya watoto wake, ndio hawa. Ardhi ina mwenyewe na miti ina wenyewe. Akiuza, anauza kilicho chake.

Mimi kwetu mti unakwenda na ardhi kama nywele zinavyokwenda na kichwa. Nimesoma mafaili ya fidia miaka yote hiyo, nimeona mara nyingi jina moja kwenye ardhi na jina lingine kwenye miti, na kila mara nilijua kwamba ninatazama ujanja wa mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wa huku wanaishi hivyo na wanaelewana. Mwenyekiti alifika na pikipiki yake, akasikiliza, akasema maneno yaleyale ya bibi. Hakucheka hata kidogo, na ningependa angecheka.

Nikasema vizuri, lakini mteja wangu kadanganywa, anauziwa shamba la korosho lisilo na korosho. Hapo bibi akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyechoka na mimi.

“Nesi anajua,” alisema. “Nilimwambia siku ileile, mule ndani. Nisingeweza kumficha, ningekufa vibaya.”

Nilimgeukia nesi. Alikuwa anatazama miguu yake.

Nilimtoa pembeni, tukasimama kwenye ukingo wa shamba ambapo mihogo inaanza. Nilikuwa nimekasirika kweli. Nilimwambia katika kazi yangu nimedanganywa na wanunuzi, wauzaji na madalali, lakini mteja kunificha jambo linaloharibu mpango wake mwenyewe, sijaona. Pensheni ya pili haipo. Atabaki na nyumba na mihogo, na kila msimu watu baki watakuwa wanaingia uani kwake, wanapika kwenye jiko lake, wanaanika nguo zao kwenye kamba yake, na hataweza kuwafukuza. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

“Ungekataa,” alisema.

Nikasema ndiyo, ningekataa, na bado nakataa. Kisha akaongea kwa ile sauti ya manesi wanapomweleza ndugu wa mgonjwa.

“Dada, nimepokea wastaafu wengi wodini. Wana nyumba nzuri, wana kuta, wana mageti. Unajua wengi wanaletwa na nani? Msoma mita. Anakuja kusoma maji, anagonga, haitikiwi, anachungulia. Kama mita iko nje, basi hawaletwi.”

Nikasema watu si mpango wa kustaafu. Watu wanahama, nikamwambia, wanagombana, wanauza korosho wanamaliza hela, wanakufa.

“Najua,” alisema. “Mimi sina mtoto. Hawa wana sababu ya kuingia kwangu bila kuniomba. Nikinunua na miti, nitakuwa nimewafukuza.”

Sikukubali. Naliandika hili kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanafikiri kuwa nililainika palepale chini ya mikorosho. Nilibaki na shaka zangu zote, nikaongeza na nyingine. Nilirudi kwenye kigoda cha bibi, na safari hii nilianza kwa shikamoo, nikawasalimia na wenye miti, kisha nikamuuliza bibi mbele ya mwenyekiti yeye mwenyewe anauza kwa bei gani.

Bei aliyoitaja ilikuwa ya ardhi na nyumba. Ile tuliyoambiwa na dalali, ndogo kama nilivyoiona, ilikuwa imepita hiyo kwa mbali. Dalali alikuwa amehesabu mikorosho ya watu kwa kidole, akaiuza yeye, na hela zote za nyongeza zilikuwa ziishie mfukoni kwake. Ndiyo maana bibi alikuwa akiinamia kunde. Alidhani sisi na yule bwana tuko kitu kimoja, tumepanga kuwapora watoto wa shemeji yake, na alikuwa akituogopa.

Nilimpigia dalali nikiwa palepale. Aliniambia mama mkubwa, hiyo ni biashara. Nikamwambia na mimi hii ni biashara, na mwenyekiti wa kijiji ananisikiliza. Akakata simu. Sitaficha kwamba nilijisikia vizuri mno, kama mtu aliyeambiwa haumwi kitu halafu vipimo vikaonyesha anaumwa. Shaka yangu ilikuwa na haki yake. Ilikuwa imekosea mtu tu.

Tuliandikishana ofisi ya kijiji, dalali akiwa hayupo. Niliwatesa wote kwa maswali. Mti ukianguka, kuni ni za nani? Mti ukifa, wanaweza kupanda mwingine? Wakitaka kukata wauze mkaa? Mwanamume yule mwenye miti alicheka, mara ya kwanza tangu nimwite mwizi, akasema mama huyu angefaa kuwa hakimu. Alinijibu moja moja. Kuni ni zao, mti ukifa haki yao ya pale imekwisha, kupanda upya ni mpaka mwenye ardhi aseme ndiyo, na mkaa hawakati. Nikahakikisha yote yameandikwa. Nesi alisaini kwa mwandiko wa kwenye kadi za wagonjwa, na mwezi uliofuata alikabidhi funguo za serikali akahamia Kibuta na vitanda viwili, redio na mzani wa kupimia watoto ambao hospitali ilikuwa imeutupa.

Bado sikulala vizuri kwa ajili yake. Nilimpigia simu mara kwa mara kumuuliza maswali ya mtego, kama kuna aliyemkopa, kama mipaka imesogezwa. Alijibu kila kitu kwa upole na hilo lilizidi kunitia wasiwasi. Msimu wa korosho uliporudi nikasema nakwenda mwenyewe, bila taarifa, kama kawaida yangu.

Nilimkuta amekasirika. Ndoo yake ya maji ilikuwa imetumiwa yote, mtoto mmoja alikuwa ametupa mabibo mpaka mlangoni, nzi wamejaa, na mke wa yule mwanamume alikuwa amelala kwenye mkeka wa nesi kwa sababu mgongo unamuuma. Wananichosha, aliniambia, wananichosha sana watu hawa. Huku ananiambia hivyo alikuwa anachemsha maji ya kumkanda yule mwanamke mgongo. Wanawake wengine wawili walikuja na watoto wapimwe uzito kwenye mzani. Wakati wa kula tulikaa wengi kuliko sahani, na yule mwanamume alinisogezea bakuli la mchuzi akaniuliza kama leo nimekuja kukamata nani.

Nilikula. Nilitafuta kasoro, na nilizipata: bati moja limechanika, hati ameiweka chini ya godoro ambapo kila mtu anajua. Nilimwambia. Alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri bajaji, na hapo ndipo akaniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

“Na wewe, dada, kwako nani anaingia?”

Nilimwambia nina mbwa.

Aliitikia kwa kichwa kama ameandika kitu kwenye kadi, bajaji ikaja, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nikimjibu moyoni. Nina simu. Nina watoto, wako mbali lakini wapo. Nina wapangaji wa jirani wanaopita mbele ya geti langu kila siku. Halafu nikakumbuka kwamba mita yangu ya maji niliihamishia nje ya ukuta mwenyewe, nikamlipa na fundi, ili msoma mita asipate sababu ya kuingia. Nilikuwa nikiwashauri na wateja wangu wafanye hivyo.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Nililigeuza nikitafuta tapeli ndani yake na sikumwona. Jumapili nilikwenda kugonga kwa jirani yangu, yule mjane, na aliponiona mlangoni alishtuka, kwa sababu mimi si mtu wa kugonga. Akaniuliza kama kuna msiba.

Nilimwambia hakuna msiba. Nimekuja kuhusu ule mlimao. Ile kona ya karibu na geti ipo wazi, apande. Ardhi itabaki yangu na mti utakuwa wake, na malimau ni yake yote, sitaki hata moja. Nikamwambia sharti ni kwamba aje aumwagilie mwenyewe, mimi sina muda, na nitampa ufunguo wa geti.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Nilimwona anavyonitazama. Alinitazama viatu, akanitazama mikono kama nimeshika karatasi, akanitazama shingo. Naujua mtazamo ule, ni wangu. Alikuwa anajiuliza nani amenituma, na kwa nini sasa, na ufunguo huu utamgharimu nini.

“Asante jirani,” alisema kwa adabu, akatabasamu. “Ngoja kwanza nimuulize baba watoto.”

Nikasema sawa, amuulize, hakuna haraka. Shimo nilikuwa nimeshalichimba asubuhi ile.